Sindano za Deo

Ngara, Jumapili, Oktoba 1997

Tumeshinda mbili bila, na bado nimeudhika.

Baada ya mechi tuliketi na wachezaji wa kambi ya wakimbizi ya Lukole kuuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kama kawaida. Tukishapokezana mrija, ugomvi wa uwanjani huishia hapo. Mmoja wao akamtania Deo, beki wetu, kwamba ameota shingo ya fahali. Deo akaupiga mtungi teke ukapasuka, kisha akamkaba yule kijana. Tulimtoa watu wanne.

Mzee mwenye mtungi aliniuliza taratibu, "Mwalimu, huyu mnamlisha nini?"

Nikasema ni hasira za ujana. Niliongopa.

Ni sindano za kujenga misuli, anazinunua duka la dawa. Juzi mke wake alikuja shuleni jicho limevimba, akasema ameteleza kisimani. Sikumuuliza zaidi. Tulikuwa na mechi.

Kesho nitamwambia aache. Hata wiki jana nilisema hivyo, na Ijumaa akaja na kichupa chake.

Deo anaogopa sindano. Mimi ndiye ninayemchoma.