Nilishuka Kituo Kilichofuata

Glenwood, Durban. Jumapili, Juni 2015.

Jua la leo ni la kutazama tu, halipashi. Upepo umekuwa ukigonga dirisha tangu asubuhi na mimi siwezi kukaa. Nimefua, nimeanika, nimeanua nguo zikiwa bado mbichi, nimeanika tena. Mama Furaha, jirani yangu Mkongo ninayetumia naye jiko moja, ameniangalia mpaka akachoka.

“Weye, tangu utoke kule Ulaya hauna amani. Iko nini?”

Nikamwambia hakuna kitu.

Nimemdanganya. Humu daftarini sitadanganya.

Kwa miaka mitatu sasa ninamlea Mama Hilda, mwalimu mstaafu anayeishi juu Berea. Ana miaka themanini na moja na magoti yamemkataa. Watoto wake wako mbali. Mwaka huu walimpa zawadi ya safari ya siku kumi kwa meli ya kitalii, Mediterania, naye akawajibu kwamba bila mimi haendi. Ndivyo mimi, Saumu wa Tanga, nilivyopata viza ya Ulaya. Kila mtu alinipongeza. Binti yangu Rehema, mwenye miaka kumi, nilimwacha kwa Mama Furaha nikamwahidi kwamba nitarudi Jumatano.

Nilipomwahidi hivyo, nilikuwa nimeshakubaliana na dada yangu kwamba sitarudi.

Dada Mwanaidi yuko Genoa, Italia, mwaka wa nane. Anafanya kazi kama yangu, kulea wazee. Mwezi Aprili, wageni walipokuwa wakipigwa katika mji huu, mimi na Rehema tulilala kwenye hema uwanjani, na dada akawa ananipigia kila jioni. “Njoo huku. Mtoto atafuata.” Viza ilipotoka alilia kwenye simu akasema Mungu amefungua mlango. Nami niliamini. Nani asingeamini, akiwa amelala chini na mwanawe huku anasikiliza watu wanaimba barabarani kwamba wageni waondoke?

Basi, siku yenyewe.

Meli ilifunga gati asubuhi. Tukapakiwa kwenye basi, kisha kwenye boti, kwenda kutembezwa vijiji vilivyong’ang’ania mwamba juu ya bahari. Ratiba ilikuwa vijiji vitatu. Dada alinielekeza nishuke cha pili, niende kituo cha treni, saa tisa na robo.

Watu wananiuliza vijiji vilikuwaje. Cha kwanza sikukiona. Macho yalikuwa kwenye saa. Nakumbuka nyumba za rangi ya embe na waridi, ngazi zisizoisha, na bibi mmoja ghorofa ya tatu akivuta kamba ya nguo kwa mkono mmoja, mwingine ameshika fremu ya dirisha. Nikajikuta nawaza anaishi na nani.

Mama Hilda alikuwa na furaha kama mtoto siku ya Idi. Tulinunua samaki wadogo wa kukaanga, wanauzwa kwenye karatasi iliyoviringwa kama ya karanga. Akawala na vichwa vyao. Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikawa namfuta huku jicho moja liko kwenye saa.

Kijiji cha pili, mwongozaji wetu, mama mmoja mwenye mwavuli wa njano, alitupa saa moja na nusu. Nikamkalisha Mama Hilda kivulini kwenye mkahawa pamoja na wazee wengine wa melini. Nikamwambia naenda kutafuta choo.

“Nenda mwanangu,” akasema. “Usikimbie, ngazi zinateleza.”

Sikumtazama usoni.

Dada alikuwa amesimama chini ya saa ya kituo. Amepungua. Au labda nilikuwa namkumbuka mrefu kuliko alivyo. Tulikumbatiana mpaka mtu mwenye begi la magurudumu akatuomba tumpishe.

“Umebeba mkoba huu tu?”

“Huu tu.”

“Vizuri. Ukibeba mengi wanakuangalia.”

Treni ikaja. Nikapanda. Naandika neno hilo tena ili nilione vizuri: nilipanda. Hakuna aliyenivuta. Nilikaa dirishani, pasipoti ndani ya mkoba, mkoba mapajani, na nilisikia raha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Kwa muda mfupi sikuwa mama wa mtu wala mlezi wa mtu, na raha ile ilikuwa kubwa.

Treni ikaingia kwenye handaki. Dada akawa anaongea haraka, ameshika goti langu. Kuna mzee anatafuta mtu, kazi inaanza Jumatatu. Nitalala chumbani kwake mpaka nipate pangu. Nisitembee sana mchana wiki za mwanzo.

“Na Rehema?” nikauliza.

“Atafuata.”

“Lini?”

Akageukia dirisha. Nje kulikuwa na ukuta mweusi tu unaopita.

“Hata mimi nilisema Issa atafuata,” akasema. Issa ni mwanawe. Alimwacha na miaka minne, kwa bibi yake mzaa baba, Muheza. “Juzi nilipiga, akapokea yeye. Nikasikia anamwita bibi yake: ‘Bibi, kuna shangazi kwenye simu.’ Shangazi! Mimi!”

Akacheka. Nadhani hakukusudia kunisimulia. Lilimponyoka tu, kama mtu anavyoponyokwa na kikombe, halafu tukabaki wote wawili tunalitazama.

Mwanga ukarudi. Treni ikaanza kupunguza mwendo, na nikaona bahari, na kijiji kingine. Nikasimama.

“Saumu, kaa.”

“Dada, siwezi.”

Akashika mkanda wa mkoba wangu. Hakupandisha sauti. “Ukishuka, mimi huku sina mtu.”

Nimekaa na sentensi hiyo siku zote hizi. Nimekwenda nayo sokoni, nimelala nayo. Ni kweli, hana mtu. Na mimi niliufungua mkono wake, kidole kimoja kimoja, nikashuka.

Hakunipungia. Alikaa vilevile, uso mbele, na treni ikaondoka naye.

Dakika nne tu tangu nipande.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Nilikuwa nimemwacha mama wa miaka themanini na moja peke yake kwenye kijiji cha ngazi. Boti yetu ilikuwa ije kijiji hiki, cha tatu. Nikashuka mbio mpaka gatini, nikawa namuuliza kila mtu kwa vidole. Ikaja boti ya kwanza, si wao. Ya pili, si wao. Nikaanza kuona mambo: ameanguka, wameita polisi, jina langu liko kwenye redio ya mtu. Nikasoma kila dua ninayoijua, nyingine nikaikatia katikati nikaanza upya.

Boti ya tatu nikauona mwavuli wa njano.

Mama Hilda alikuwa ameshikwa kwapani na mwongozaji, uso umekuwa rangi ya majivu. Nikaruka kumpokea. Mwongozaji akaanza kufoka, lakini Mama Hilda akamkatiza.

“Nilikwambia. Ametangulia kunitafutia kiti.”

Nikamkalisha kwenye benchi, nikamvua viatu. Magoti yalikuwa yamevimba. Nikasema samahani, nikasema tena. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

“Sijui Kiswahili chenu,” akasema, “lakini neno treni nalijua. Wiki nzima kwenye simu ni treni, treni, treni. Ndiyo maana asubuhi nilikupa pasipoti yako ukae nayo.”

Kweli. Kila siku pasipoti zote mbili hukaa kwenye begi lake. Asubuhi ile alinipa yangu bila neno, nami nikaiona bahati.

“Umenikasirikia, Mama?”

“Sana,” akasema. “Bado.”

Kisha akaomba maji.

Hatujalizungumza tena. Tumerudi, ninapanda Berea kila asubuhi, namkanda magoti, namsomea gazeti. Ananishukuru kama zamani. Ila siku hizi nikichelewa dukani namkuta amesimama dirishani na fimbo yake, na akiniona anarudi kukaa haraka, kana kwamba hakuwa pale. Hilo linaniuma kuliko kama angenitukana.

Na Rehema? Rehema amefurahi. Amezibandika picha za vijiji ukutani, anawaambia wenzake mama yake amefika Italia. Nikimtazama amelala nasema, umefanya vizuri, Saumu. Halafu siku ya pili niko kwenye taxi, tumesimama kwenye robot, taa zikiwa nyekundu, mtu mmoja ananisikia naongea Kiswahili kwenye simu na ananiita lile jina la matusi wanalotuita wageni. Eish. Papo hapo moyo wangu unarudi kwenye kile kiti cha dirishani ndani ya treni.

Sijui kama nilishuka kwa upendo au kwa woga. Ningependa kuandika upendo.

Dada hajapokea simu tangu siku ile. Siku kumi na moja. Mchana huu, baada ya Mama Furaha kuniuliza na mimi kumkwepa, nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapiga tena bila matumaini. Akapokea.

Nilisikia kijiko kwenye sahani, na mzee akikohoa.

“Niko kazini,” akasema. “Namlisha mtu.”

“Dada.”

“Kama unapiga kuomba msamaha, usiombe.”

“Siombi,” nikasema, na nilishangaa nilivyosema imara. “Nataka namba ya Muheza. Desemba shule zikifungwa nitakwenda nyumbani na Rehema. Nataka nimwone Issa. Nataka nianze kuongea naye sasa, asinione mgeni.”

Kijiko kikasimama. Nikadhani amekata.

Halafu akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, taratibu, kama anayemsomea mtu imla. Sikuwa na karatasi, nikaichora kwa kucha kwenye lipu ya ukuta, kisha nikaihamishia kwenye simu. Akaniambia niirudie. Nikairudia yote.

“Saumu.”

“Naam, dada.”

“Muulize anavaa kiatu namba ngapi. Mimi naona haya kumuuliza.”

Akakata.

Rehema ananiita ndani, chakula kimepoa. Namba iko hapa mbele yangu. Kesho jioni, Issa akishatoka shule, nitapiga, na atapokea mvulana wa miaka kumi na mbili asiyeijua sauti yangu.

Nitaanza na nini, viatu au mama yake?