Malengo Niliyowasomea Wazazi

Jumapili, asubuhi

Nimeficha uongo niliousema kwenye kikao cha wazazi, nilipokuwa mkuu wa shule hapa Same. Sitaki kufa nao.

Nilikuwa nawasomea malengo ya mwaka: ufaulu, nidhamu. Baba mmoja kutoka Vudee akasimama na binti yake, sikio la kulia la binti likivuja damu.

"Mwalimu, anasema ni wewe."

"Alianguka, mzee."

Baba akamgeukia binti, akachukua fimbo mezani kwangu. "Unamsingizia mwalimu?" Akamchapa mbele yetu mpaka fimbo ikavunjika. Wazazi wakapiga makofi. Nikaendelea kusoma.

Leo binti yule amekuja kunijulia hali, mtu mzima sasa. "Shikamoo, mwalimu." Hakusikia marahaba yangu mpaka aliponigeuzia sikio la kushoto.

Hakuanguka. Nilimpiga ngumi mimi, na baba yake amekufa akiniamini.