Maharage Katikati ya Mahindi

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko mjini? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikiinama. La kulia bado lina adabu. Simu imetumbukia kwenye pipa la maji, kwa hiyo barua zetu atazibeba dereva wa lori la maziwa.

Wametuletea fomu za ruzuku ya mahindi. Kila shamba lina kisanduku kimoja cha zao, na langu unalijua: mahindi, na kati ya mistari maharage ya bibi yako. Niandike nini? Wewe ndiye unayeshinda na fomu hizi ofisini. Nikipata ruzuku nitavuta bomba mpaka shambani, niachane na ndoo.

Na maharage hayo ya bibi yako niliyokupa kwenye kopo, umeshapika? Au bado unaishi kwa chai na mkate?

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Sijambo, pole na goti. Maharage nilipika, yalikuwa matamu sana.

Andika mahindi. Mwongozo unasema shamba la mchanganyiko halilipwi. Bwana shamba atakuja kukagua tarehe 21. Akikuta mahindi peke yake, hana swali.

Kitindamimba wako

22 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Goti limenuna, maana nimeinama siku nne nikiyang'oa maharage yote. Maganda ndiyo kwanza yalikuwa yanajaa. Hata mbegu hayatoi.

Jana bwana shamba alikuja na kamba yake ya kupimia. Alipoona marundo pembeni akauliza, "Mama, haya yamekukosea nini?" Nikamwambia yanazuia ruzuku. Akakaa juu ya ndoo.

"Hiyo ilikuwa mwaka jana. Mwaka huu mchanganyiko unalipwa sawasawa. Nani kakwambia ung'oe?"

Nikasema nimesikia redioni.

"Basi hiyo redio ipeleke kwa fundi."

Amenipitisha, bomba litakuja. Ila mbegu ile bibi yako alikuja nayo siku alipoolewa, na hakuna mwaka ambao haikupandwa hapa. Yote niliyokuwa nayo ilikuwa ardhini. Majirani wana ya dukani tu.

Mama yako

3 Aprili

Redio yangu,

U mzima? Mbona kimya? Sikukuandikia ili ulie.

Mama yako

6 Aprili

Shikamoo Mama,

Mzima, ila nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka. Mwongozo niliosoma ulikuwa wa mwaka jana. Mpya ulikuwa kwenye droo yangu, chini ya biskuti. Nimemwambia bwana shamba kwamba redio ni mimi. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Wakulima niliowajibu hivyo ni kumi na mmoja. Wote nimewapigia simu. Wawili walikuwa wameshang'oa.

Na kuna kosa lingine. Yale maharage sikuyapika. Niliona uvivu kuyakalia jikoni kwa saa mbili, nikakudanganya. Kopo limekaa juu ya kabati tangu Januari. Nimelifungua leo, hakuna mdudu. Dereva anakuletea.

Kitindamimba wako

14 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, goti limetulia. Kopo nimelipokea, limejaa mpaka mdomoni. Hata kijiko kimoja! Uvivu huo ni wa baba yako mtupu.

Nilijaribu kumi kwenye kitambaa chenye maji, yakaota tisa. Mengine nimeyapanda palepale, kati ya mahindi.

Uje kuvuna. Na safari hii utapika mbele yangu.

Mama yako