Deo hatakuja Jakobsberg

Jumapili, Novemba 2008

Tangu asubuhi inanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na alasiri hii giza limeshaingia. Nilirudi kutoka Urusi katikati ya wiki. Leo ndiyo nimepata nguvu ya kuandika.

Kaka yangu Deo ni mzima.

Aliondoka Bujumbura kwenda kusomea kilimo enzi za Umoja wa Kisovieti. Vita vilipoanza kwetu, baba akauawa, mimi na Mama tukakimbilia Kigoma, kambini, na baadaye tukaletwa Sweden, hapa Jakobsberg. Tangu hapo hatukupata habari zake wala yeye zetu. Mwaka huu, Mnyarwanda mmoja tunayesali naye, aliyesoma na Deo zamani, akasikia kwamba yuko kijiji kimoja mbali na Moscow, amekuwa mtawa katika monasteri ya Waorthodoksi. Mama akaniambia niende nimlete.

Kijiji chenyewe ni nyumba za mbao kando ya barabara ya tope. Nyingi madirisha yake yamepigiliwa mbao, wenyewe wamekufa au wamehamia mjini. Kisimani nilimkuta bibi mmoja anateka maji. Aliponiona hakushangaa. Alininyooshea kidole tu kwenye kuba la buluu la monasteri. Mtu mweusi wameshamzoea.

Deo alikuwa uani anapasua kuni, kanzu nyeusi, ndevu zimejaa mvi. Nilipomwita, shoka likamponyoka. Tulilia wote wawili pale pale kwenye tope. Kisha akanipeleka jikoni, akanipa supu ya kabichi na mkate mweusi. Kiswahili tulichokulia nacho Bwiza, mtaani kwetu Bujumbura, sasa kinamkwama. Anaanza sentensi vizuri, anaimalizia kwa Kirusi.

Nikamweleza kwamba Mama yuko hai, ana kisukari, anamngoja. Akaniambia mkuu wake wa monasteri angempa ruhusa ya kuja akiiomba. Ni yeye mwenyewe asiyetaka kuiomba.

"Mimi niliambiwa mmekufa wote," alisema. "Nikawalilia, nikamaliza. Sina nguvu ya kuanza tena."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinisindikiza hadi kituo cha basi, akanifunga shali yake shingoni, akaondoka kabla basi halijafika.

Sikumwelewa. Bado simwelewi.

Njia nzima nilipanga kumdanganya Mama, nimwambie Deo atakuja kiangazi. Lakini nilipofungua mlango nikakuta ameshamtandikia kitanda sebuleni, mashuka mapya, na taulo juu yake. Uongo ukanishinda. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, koti limelowa.

Aliniuliza kama Deo anakula vizuri. Akaniuliza kama anakolala kuna moto. Kisha akaenda chumbani kwake, akalala bila kula. Binti yangu alinifuata jikoni, akaniuliza kwa Kiswidi kama bibi anaumwa. Nikamwambia hapana.

Leo tuliporudi kutoka kanisani, Mama akakaa kwenye kile kitanda, bado hajavua hata kofia.

"Kama hana nguvu ya kuja," alisema, "basi mimi nitakwenda."

Magoti yake hayamfikishi hata stesheni ya hapa Jakobsberg. Kwenda chooni tu anashika ukuta. Yeye anajua, na mimi najua. Nikamjibu, "Sawa, Mama."

Tangu wakati huo nimekaa nawaza. Safari yenyewe siiogopi, hata kama itabidi nimbebe mgongoni kwenye lile tope. Naogopa tufike langoni, Deo amtazame mama yake, kisha atugeuzie mgongo. Lakini nikimkatalia, akafia hapa sebuleni akimngoja, nitajiambia nini?

Kesho nikitoka zamu ya kusafisha ndege, nitapitia ubalozi wa Urusi kuuliza viza ya mtu mzee.