Pengo Langu la Chini

Bibi Sintamei, shikamoo. Mvua imefika Kwamsisi? Ng'ombe wamepata nyasi?

Huku maabara tunapima umeme kwenye madini ya matabaka, kila tabaka jembamba kuliko utando wa maziwa. Tabaka kamili liliupitisha kwa shida. Tulipong'oa chembe chache tu, ukapita vizuri, tulipozidisha, ukakwama.

Nikakumbuka meno mawili ya chini uliyoning'oa utotoni kwa mila yetu, na maziwa uliyonimiminia pengoni pepopunda iliponifunga taya.

Kaka Lekishon akikusomea hapa, asicheke. Pasaka sikuja nyumbani, nikasingizia mtihani. Kweli yenyewe, nilikuwa nimeziba pengo kwa meno ya bandia, nikaona aibu kukutazama.

Nimeyatoa. Jumamosi nakuja, nicheke mbele yako.

Mjukuu wako mwenye pengo,
Nkoile