Dawa Iliyopashwa Moto

Bariadi, Jumanne

Nisamehe, daftari. Sijakugusa tangu mwanangu Limi atoke hospitali. Mchana nakanyaga pampu ya mashine yake ya kuvutia dawa, usiku nasikiliza kifua chake.

Leo nimerudi kisimani nikakuta mama mkwe amechemsha chupa tatu za antibiotiki ya kuvuta. Nesi alisema zikae penye ubaridi! Lakini yeye amefukiza wajukuu wote kwa majani na maji ya moto; kwake dawa ni joto.

"Ukungu wa baridi wa mashine yenu unatibu nini? Mnamnyeshea mtoto umande kifuani!"

"Mayu," nikamwambia, maana mama kwa Kisukuma ni mayu, "dawa imeharibika. Simpi."

"Imeharibikaje, na rangi ni ileile?"

"Simpi, mayu."

Nikaimwaga mbele yake. Nilimwonea huruma, lakini nisingempa mtoto dawa iliyochemshwa.

Ilibaki chupa moja ambayo hakuiona, kwenye ubaridi nyuma ya mtungi. Jioni alimpakata Limi, akamshikia barakoa ya mashine, mimi nikakanyaga mpaka mguu ukafa ganzi.

"Toka hapo. Mguu wangu uliolima pamba miaka yote hii utashindwa na kipampu hiki?" Akanipa mtoto, akakanyaga yeye.

Limi akacheka ndani ya barakoa, akakohoa, makohozi yakatoka. Amelala bila kukoroma.

Kesho hatuna dawa. Naogopa. Lori la mnunuzi wa pamba linakwenda Mwanza alfajiri, nitampa dereva barua ya dada yangu aliye huko. Dada alete:

dawa ya kuvuta, chupa kumi na nne;
maji ya chumvi ya kuchanganyia;
barakoa ndogo, hii imepasuka;
na ndala za mama mkwe, namba saba. Amesema dawa ikifika, zamu ya asubuhi ya kukanyaga ni yake.