Mkaa wa Gogo Umekubaliwa

Ijumaa

Ningenyamaza tu. Mwezi uliopita nilimwambia Gogo, bibi yangu, kwamba mkaa anaopaka ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa lala yetu ya kienyeji, haumo kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa na serikali kwenye maziwa. "Sawa, mwalimu," akasema. Tangu siku hiyo wote hapa nyumbani wanakunywa mursik, mimi napewa chai ya rangi.

Leo nimesoma gazetini, kwenye maktaba ya shule, kwamba unga wa mkaa uliokuwa ukiruhusiwa kwenye peremende peke yake sasa umekubaliwa kwenye maziwa lala pia. Nikaomba gazeti, nikakimbia nalo hadi nyumbani Kapsoya.

Gogo alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo serikali imenikubalia mkaa wangu."

"Ndiyo, Gogo."

"Wewe ndiye sijakukubali bado."

Lakini akanimiminia kikombe, akatoka nje na simu. Nilipokimaliza ndipo akaniambia tayari amempigia pasta simu: Jumapili, baada ya matangazo, nitasimama kanisani niisome habari hiyo kwa sauti.

Mimi, ambaye hata jina likiitwa darasani nainua mkono tu.

Mursik ilikuwa tamu sana. Nimerudia kusoma gazeti mara tatu nikitafuta kosa la kuniokoa. Hakuna.